Rumba ya Majonzi na Kumbukumbu za Goma

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikateremka hadi katikati ya mji wa Goma. Ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikateketeza maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na walioanza kurudi siku chache baadaye walikuta mitaa mizima imelala chini ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa ya moto. Baada ya janga la namna hiyo watu huhesabu nyumba, bidhaa na vyombo. Aghalabu hawahesabu picha za arusi, barua, vyeti vya ubatizo, daftari la babu lenye tarehe za kuzaliwa watoto, wala sanduku la kanda za muziki lililokuwa chini ya kitanda. Goma imepoteza vitu vya aina hii mara nyingi mno. Mlima ulikuwa umelipuka mwaka 1977, na ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Juu ya hayo kuna wimbi la wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, vita vya 1996 na 1998, kuingia kwa waasi wa M23 Novemba 2012, na kuingia kwao tena mwishoni mwa Januari 2025. Familia nyingi za mji huu zimehama, zikarudi, zikahama tena, na kila safari kitu fulani kimebaki nyuma.

Hoja yangu ni kwamba katika mji wa namna hii wimbo wa majonzi wa mapenzi umefanya kazi ambayo kwingine hufanywa na nyaraka, makaburi na majengo ya kale. Nazungumzia rumba ya Kongo, hasa ile ya polepole, ambamo mtu anamlilia mpenzi aliyeondoka bila kuaga, anasubiri barua isiyofika, au anawaza siku ya kufa kwake. Wengi huichukulia kama muziki wa nganda, wa kuteremsha bia jioni na kusahau shida za mchana. Mimi naiona kama sehemu ya historia ya Goma inayostahili kusomwa kwa makini. Tena nguvu yake ya kuamsha kumbukumbu inatokana na jambo linalodhaniwa kuwa upungufu wake: haitaji vita, haitaji volkeno, haitaji kabila la mtu. Inamtaja aliyeondoka tu, na kila msikilizaji anaweka hapo jina la wake.

Uhusiano wa rumba na walioondoka ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1948 Antoine Wendo Kolosoy, akiwa na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi "Marie-Louise" mjini Léopoldville kwa kampuni ya Ngoma, iliyokuwa ya Mgiriki Nicolas Jéronimidis. Wimbo ulivuma, na pamoja na sifa ukazuka uvumi kwamba ukipigwa usiku wa manane unaweza kuwafufua wafu. Viongozi wa Kanisa Katoliki hawakufurahishwa, na Wendo alipata taabu kwa ajili yake. Uvumi huo una thamani kwa mwanahistoria hata kama hakuna mfu aliyefufuka. Unatuonyesha jinsi wasikilizaji wa kwanza walivyouelewa muziki uliotoka kwenye santuri: sauti ya mtu asiyekuwepo inayowaita wengine wasiokuwepo. Wakati huo maelfu ya vijana walikuwa wameachana na vijiji vyao kwenda mijini, migodini na kwenye mashamba ya Wazungu, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwita.

Baada ya Wendo zikaja bendi kubwa, African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz ya Franco mwaka 1956, na hizo ndizo zilizoifikisha rumba kila kona ya nchi kwa redio na kwa santuri. Kivu ilizipata kwa milango miwili. Mmoja ni wa Kinshasa, kwa ndege na kwa mawimbi ya redio ya taifa. Wa pili ni wa mashariki, kwa kuwa santuri nyingi za Kongo zilichapwa pia Nairobi, zikazunguka pamoja na bidhaa nyingine katika masoko ya maziwa makuu. Ndiyo maana mpenzi wa muziki wa Goma aliweza kuwafahamu Franco na Tabu Ley Rochereau, na papo hapo akawafahamu Wakongo waliohamia Dar es Salaam na Nairobi, kama mtu wa nyumba iliyo njia panda.

Ichukue santuri ndogo ya miaka ya 1960 au 1970, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, uitazame kwa karibu. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, ilhali rumba iliyopigwa jukwaani ilikuwa ndefu kuliko hapo. Watayarishaji wakaigawa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Katika sehemu ya kwanza waimbaji wawili au watatu husimulia kisa, gitaa la kusindikiza likitembea taratibu, saksafoni ikijibu mwishoni mwa ubeti. Kisa kikifika mahali pa uchungu zaidi, sauti hushuka, sindano inateleza hadi kwenye karatasi ya katikati, na chumba kinakuwa kimya. Mtu anainuka, anaigeuza santuri, anairudisha sindano, na hapo magitaa yanaanza kukimbizana: ndiyo sebene, wakati wa kucheza. Mpangilio huu ulilazimishwa na ufundi wa kiwandani, lakini ulifundisha jambo. Huzuni ilipewa muda wake kamili, yenye mwanzo na mwisho, kabla ya miguu kuruhusiwa. Aliyetaka kubaki na huzuni aliweza kuirudia sehemu ya kwanza mara tano bila kuigeuza santuri, wala hakuna aliyemshangaa. Santuri kubwa na kanda zilipokuja, vipande viwili vikaungana na nyimbo zikarefuka; "Mario" ya Franco ya mwaka 1985 inapita dakika kumi. Hata hivyo, umbo la kulia kwanza na kucheza baadaye limeendelea kuwa desturi ya rumba, na anayekwenda kilioni Goma atalitambua. Msiba una usiku wa machozi, na una siku ya kuondoa matanga, ambapo watu hula, hunywa na hatimaye husimama kucheza, wala hilo halimvunjii heshima marehemu.

Maneno ya nyimbo nayo yanahitaji kutazamwa, kwa maana si kila wimbo wa mapenzi ni wa mapenzi tu. Simaro Lutumba, mpiga gitaa wa OK Jazz ambaye Wakongo walimwita mshairi hadi alipofariki Machi 2019, alitunga "Mabele", ulioimbwa na Sam Mangwana miaka ya 1970. Ni wimbo wa udongo unaompokea kila mmoja, tajiri na maskini, na wa maisha yanayopita upesi. Tabu Ley Rochereau aliiwazia siku ya kufa katika "Mokolo nakokufa". Wakongo wa Nairobi nao walifungua mlango wa huzuni ya safari: Super Mazembe katika "Kasongo" waliimba sauti ya mke anayemsihi mumewe arudi, na Les Mangelepa wakafanya uwanja wa ndege wa Embakasi kuwa mahali pa kuagana. Upande wa Dar es Salaam alikuwepo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, aliyeimba kwa Kiswahili juu ya kifo na umaskini. Na mwaka 1981 Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alianzisha Nairobi bendi aliyoiita Virunga, jina la milima ile ile inayoitazama Goma. Orodha hii inatosha kuonyesha kwamba katika kipindi cha miaka 30 hivi wanamuziki wa Kongo walijenga hazina kubwa ya nyimbo zenye kiini kimoja, yaani mtu aliyekwenda na pengo aliloliacha.

Sasa uuweke wimbo kama "Mabele" katika ardhi ya Goma. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkeno, na kuchimba kaburi kwa jembe ni kazi ngumu. Julai 1994, wakimbizi wapatao milioni moja walipoingia kutoka Rwanda kwa siku chache, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu kandokando ya mji, na kwa kuwa ardhi ilikuwa mwamba, maiti zilizikwa kwa matingatinga katika mashimo ya pamoja. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa, ikaangukia nyumba na maduka ya mtaa wa Birere. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni, na baadhi ya waliozama hawakupatikana. Wimbo unaosema kwamba udongo utatupokea sote, ukisikilizwa mahali ambapo udongo wenyewe ni wa kutafuta na wengine hawakupata kaburi lenye jina, unabeba uzito ambao mtunzi wa Kinshasa hakuukusudia. Simaro hakuandika juu ya Goma. Wasikilizaji wa Goma wamekuwa wakiandika juu ya Simaro, kila mmoja moyoni mwake, kwa zaidi ya miaka 40.

Jambo hili lilielezwa zamani na mtu wa mbali kabisa na Kivu. Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alizungumzia wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi ambao, kwa maelezo yake, ulikatazwa kupigwa mbele ya askari wa Kiswisi waliotumikia ugenini, kwa sababu walioisikia sauti ile walilia, wakatoroka, hata wakafa kwa kuitamani nchi yao. Rousseau aliuchunguza muziki wenyewe, asione ndani yake kitu cha kueleza athari hiyo, na mgeni aliyeusikia hakuguswa. Akafikia uamuzi kwamba nguvu ilitoka katika mazoea na kumbukumbu ambazo wimbo uliwarudishia wale waliokulia nao. Naona uamuzi huo unaihusu Goma moja kwa moja. Ukimpigia mgeni wimbo wa Koffi Olomidé wa mwanzo wa miaka ya 1990, ule mtindo wa polepole alioupa jina la tcha tcho, atasikia mwanamume anayebembeleza. Mtu wa Goma aliyekuwa na miaka 20 wakati ule anasikia mwaka wa uporaji, darasa lililofungwa, rafiki aliyekwenda Kisangani asirudi. Watafiti wa kumbukumbu wameonyesha kwamba watu wengi hukumbuka zaidi mambo ya ujana wao kuliko ya miaka iliyofuata, na nyimbo za ujana huenda pamoja nayo. Kwa kizazi ambacho ujana wake uliangukia miaka ya 1990, ina maana kwamba nyimbo tamu zaidi maishani mwao zimefungwa pamoja na miaka michungu zaidi.

Tena Wakongo wanaozungumza Kiswahili walikuwa na desturi ya kutengeneza vitu vya kuamsha kumbukumbu. Miaka ya 1970, Lubumbashi na katika miji ya migodi ya Katanga, wachoraji wa mitaani waliuza picha zilizotundikwa sebuleni mwa wafanyakazi: mfungwa akichapwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji, kijiji cha mababu kando ya mto, nguva Mamba Muntu akiwa na nywele ndefu. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walioandika juu ya picha hizo, walieleza kwamba wenye picha waliziita za ukumbusho. Mwenye nyumba aliinunua picha ili mgeni akiitazama, mazungumzo yaanze: baba yangu alipigwa hivi, sisi tulitoka huko. Picha ilisema machache, masimulizi yakafuata. Rumba ya majonzi inafanya kazi hiyo hiyo Goma, na ina faida moja kubwa kuliko picha. Picha inahitaji ukuta, na kuta za Goma zimeungua, zimeporwa, zimehamwa. Wimbo unavuka mpaka wa Gisenyi bila mzigo na hakuna askari wa kizuizini anayeweza kuudai.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni wa miaka ya 1998 hadi 2003. Agosti 1998 uasi wa kundi la RCD ulianza, makao yake yakawa Goma, na kwa karibu miaka mitano mji ulitawaliwa mbali na Kinshasa. Nchi iligawanyika vipande, na mawasiliano ya kawaida kati ya mashariki na mji mkuu yalikatika. Muziki haukukatika. JB Mpiana alikuwa ametoa "Feux de l'amour" mwaka 1997, bendi yake ya Wenge Musica ikapasuka mwishoni mwa mwaka huo huo, na mwaka 1999 mwenzake wa zamani Werrason akatoa "Solola Bien". Nyimbo hizo zilipendwa Goma kama zilivyopendwa Kinshasa, zikipita njia ndefu za biashara kupitia nchi jirani. Mtu wa Goma hakuweza kumtembelea dada yake Kinshasa, lakini wote wawili walilia na wimbo mmoja. Wasomi wengi wamejiuliza kwa nini Wakongo waliendelea kujiona taifa moja katika kipindi ambacho dola ilikuwa imesambaratika. Jibu lina sehemu nyingi; ninachosema ni kwamba huzuni ya pamoja, iliyoimbwa kwa sauti zile zile, ni mojawapo. Februari 2002, mwezi mmoja tu baada ya lava, Radio Okapi ilianza kurusha matangazo kwa lugha tano, Kiswahili na Lingala zikiwemo, ikawa sauti ya kwanza kwa miaka kadhaa kuwafikia watu wa pande zote za mstari wa vita. Ilikuta wasikilizaji ambao tayari walikuwa wanaimba nyimbo zile zile.

Yupo atakayepinga kwamba nyimbo hizi si za Goma. Zimetungwa Kinshasa, Brussels au Paris, kwa Lingala, wakati watu wa Kivu ya Kaskazini huamka na Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Mashi, na hukutana sokoni kwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, Lingala ilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya Force Publique, na kwa watu wengi wa mashariki ni lugha ya amri kizuizini na ya bunduki mlangoni usiku. Pingamizi hili ni zito, na sitaki kulipunguza. Lakini hebu tufikirie matokeo yake. Katika mkoa ambao ardhi, vyeo na hata misiba imegawanywa kwa kabila, wimbo wa lugha ya mama wa kundi moja unaweza kusikika kama madai ya kundi hilo. Rumba ya Lingala haikuzaliwa katika boma la yeyote kati yao. Mnande na Mtutsi, Mhunde na Mshi wanaweza kukaa meza moja wakausikiliza wimbo wa mwanamke aliyeachwa, na hakuna atakayemuuliza mwenzake mwanamke huyo ni wa kabila gani. Kuhusu askari, naona nyimbo ndizo zilizoiokoa lugha ile isibaki mali yao. Kijana aliyeijua Lingala kwa vitisho tu aliisikia pia ikibembeleza, ikijuta, ikiomba msamaha. Umbali wa lugha, ambao ungetarajiwa kupunguza hisia, umewapa watu mahali pa kulia bila kushtakiana.

Pingamizi la pili linatoka kanisani. Wapo wanaosema kwamba siku hizi kumbukumbu za Goma zinatunzwa na kwaya, na kwamba kilioni utasikia nyimbo za Mungu usiku kucha kabla ya kusikia rumba. Ni kweli. Kwaya za Kikatoliki na za Kiprotestanti zina nguvu kubwa mjini, na nyimbo za injili za Kiswahili kutoka Tanzania zina wapenzi wengi Kivu nzima. Hata hivyo nyimbo za kanisa na rumba zimegawana kazi. Wimbo wa kwaya unamkabidhi marehemu kwa Mungu na kuwapa walio hai tumaini, unautazama mwisho. Rumba inamrudisha marehemu alivyokuwa: kijana mwenye viatu vizuri, mpenda utani, mtu mwenye deni na mwenye wivu. Kwaya haiwezi kumkumbuka mtu kama mpenzi asiye mwaminifu, na wengi wa wapendwa wetu walikuwa hivyo. Mjane anayejikuta akitokwa na machozi kwa wimbo wa nganda miezi sita baada ya kuondoa matanga hajaiacha imani yake. Amempata tena mumewe, pamoja na makosa yake.

Kuna hoja nyingine inayonisumbua zaidi kuliko hizo mbili. Kumbukumbu za nyimbo zinapamba. Wapo wanaosikia rumba ya miaka ya 1970 na 1980 wakaiona Goma ya Mobutu kama bustani: watalii wanaokwenda kutazama sokwe, hoteli za kando ya ziwa, kasri la rais ufukweni, usiku bila milio ya risasi. Wanasahau kwamba muziki ule ule ulimtumikia mtawala; mwaka 1984 Franco alitoa wimbo wa kumpigia Mobutu kampeni, na hakuna bendi kubwa iliyoishi bila kulipa kodi ya sifa. Wanasahau pia kwamba uporaji na njaa ya miaka ya 1990 vilikuwa matunda ya utawala huo. Nakubali kwamba atakayeandika historia ya Goma kwa rumba peke yake ataandika uongo mtamu. Lakini jibu si kuzitupa nyimbo. Kila ushahidi una upande wake unaopinda: ripoti za utawala zinapinda kwa kumficha mtawala, ripoti za mashirika ya misaada zinapinda kwa kumwona kila mtu kama mkimbizi, na nyimbo zinapinda kwa kupamba. Mwanahistoria huzilinganisha. Na katika kulinganisha atakuta nyimbo zinamwambia jambo ambalo ripoti haziwezi: nini watu walihisi kimepotea. Anayeitamani Goma ya mwaka 1985 mara nyingi hamtamani Mobutu. Anatamani safari ya kwenda Rutshuru na kurudi salama siku hiyo hiyo. Hamu hiyo yenyewe ni hukumu juu ya wakati uliofuata, na inafaa iandikwe.

Mwisho kuna vijana wanaouliza kwa nini tulie na mapenzi wakati wauaji wana majina. Wana haki ya kuuliza. Nao ushairi wa Kiswahili unajua kutaja: Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi kwa mara ya kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya Kijiti na mwanamke aliyeuawa, na wimbo huo umeihifadhi kesi ile hadi leo. Goma imewapata waimbaji wa namna hiyo. Delcat Idengo aliimba waziwazi juu ya mauaji na wanaoyanyamazia, akafungwa, na tarehe 13 Februari 2025 akauawa kwa risasi mjini humo. Tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014, liliwapa vijana jukwaa la kusema mambo ambayo wazee wao waliyasema kwa kuzunguka. Sioni kwamba aina moja inaifuta nyingine. Wimbo unaotaja huhifadhi tukio na humdai mkosaji. Wimbo usiotaja huhifadhi pengo. Lakini huu wa pili una sifa moja ambayo mji wa Goma umeihitaji kila mara watawala walipobadilika: unaweza kupigwa hadharani chini ya serikali yoyote. Mwaka 1996, 1998, 2012 na 2025 watu waliweza kuomboleza kwa sauti bila kumpa mwenye bunduki sababu. Anayeita hiyo woga hajaishi chini ya utawala ambao haujui kesho utakuwa wa nani.

Dunia ilikiri thamani ya rumba ya Kongo Desemba 2021, UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la pamoja la Kongo mbili. Heshima hiyo ilikwenda kwa watunzi, wapigaji na miji ya Kinshasa na Brazzaville, na walistahili. Wasikilizaji hawana orodha yao. Kule mashariki kazi iliyobaki ni ya kuhifadhi kile ambacho nyimbo zimekuwa zikikiamsha, kwa sababu kanda zimeliwa na ukungu wa ziwa, nyimbo sasa zinakaa kwenye kadi za simu bila jina la mtunzi wala mwaka, na waliokuwa vijana mwaka 1977 wanaondoka. Nyimbo zenyewe hazitapotea. Ziko kila mahali. Kinachopotea ni maelezo ya mama wa mtaa wa Majengo kwamba wimbo huu ulikuwa ukipigwa wiki tuliyokimbia kwenda Sake, na kwamba huu mwingine ndio alioupenda kaka yake aliyezama.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Goma, kwa watangazaji wa redio za mji, na kwa kila mwenye mzazi aliye hai. Mkae na wazee, muwapigie wimbo mmoja mmoja, muwaache waseme, na muandike: jina la wimbo, mwaka waliousikia, nyumba waliyokuwemo, nani alikuwa chumbani, na nani kati yao hayupo tena. Muifanye kazi hiyo sasa, na nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja, kwa maana Nyiragongo bado inawaka.